ASTAP kwa wapiga picha za anga wa Nyanda za Juu Kusini: inafaa, mradi uipe namba sahihi

Kwa anayepiga picha za nyota akiwa Mbeya, Njombe au Iringa, ASTAP ndiyo programu ya kutambua uelekeo wa kamera tunayoipendekeza kabla ya nyingine zote. Inatazama nyota zilizomo kwenye picha, inaangalia jinsi zilivyokaa nnenne, inalinganisha na orodha yake, kisha inakuambia katikati ya picha ni sehemu gani ya anga na picha imegeuka nyuzi ngapi. Mwandishi wake ni Han Kleijn, ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux, macOS na hata Raspberry Pi.

Kinachoipa ushindi huku kwetu ni kwamba haihitaji intaneti. Astrometry.net ya mtandaoni hutambua picha bila kuelezwa chochote, na kwa picha moja ukiwa nyumbani inatosha kabisa. Lakini ukipanda Isyonje au Kitulo kufuata giza, kila picha inayosubiri mtandao ni muda wa anga safi unaopotea. ASTAP unaipakua mjini mara moja, bando likiisha haikuhusu.

Sababu ya pili ni jiografia, na hii watu wengi hawaipi uzito. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga, ambako mhimili wa stendi yenye mota inayofuata nyota lazima uelekee, iko nyuzi 9 tu juu ya upeo. Iringa haifiki hata nyuzi 8. Sigma Octantis, nyota inayotumika kuielekea ncha hiyo, ni hafifu, mng'ao wa takriban 5.4. Kwa kimo hicho, pamoja na vilima, ukungu na moshi wa mashamba yanayochomwa mwishoni mwa kiangazi, usipoteze muda kuitafuta. Maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani wanaoiona nyota yao ya ncha bila shida. Njia yetu ni NINA, programu ya bure ya Windows, pamoja na nyongeza yake iitwayo Three Point Polar Alignment. Inapiga picha tatu huku stendi ikizunguka kwenye mhimili mmoja, ASTAP inazitambua zote tatu, kisha NINA inakokotoa mhimili umekosea kiasi gani na uuzungushe upande upi. Ncha yenyewe inaweza kuwa nyuma ya mlima na kazi ikaenda.

Kwenye usakinishaji, wengi hukwama kwa jambo moja: programu na hifadhidata ya nyota ni mafaili mawili tofauti. Ukiweka la kwanza peke yake, litafunguka vizuri, halafu litalalamika kwamba halioni nyota za kulinganisha. Hifadhidata lazima iingie kwenye folda ileile ya programu. Kwa Windows kwa kawaida ni C:\Program Files\astap, kwa Linux ni /opt/astap. Hifadhidata ziko kadhaa: D05 ina nyota hadi 500 kwa kila nyuzi ya mraba, D50 ina hadi 5000. Kwa lenzi ya milimita 135 hadi 200, D05 inatosha na ni nyepesi kupakua. Ukiwa na darubini ndefu inayoona eneo dogo, chukua D50. Lenzi ya milimita 50 inahitaji G05, na lenzi pana ya milimita 18 inahitaji W08; hapo D05 haitakusaidia hata ukisubiri mpaka asubuhi.

Sasa namba yenyewe. ASTAP inataka kimo cha picha kwa nyuzi, yaani upande mfupi wa picha ya kulala, siyo upana. Chukua ukubwa wa pikseli kwa mikromita, zidisha kwa 206.265, gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Canon 600D ina pikseli za mikromita 4.3, kwa lenzi ya milimita 200 unapata sekunde za tao 4.43 kwa pikseli (nyuzi moja ni sekunde za tao 3600). Picha yake ina pikseli 3456 kwa kimo, basi zidisha, gawanya kwa 3600, unapata nyuzi 4.25 hivi. Hiyo ndiyo ya kuandika kwenye ukurasa wa Alignment. Ukiandika 0, programu inajaribu vipimo mbalimbali yenyewe, ila inachelewa. Picha ya kwanza ikishatambuliwa, soma kipimo halisi ilichotoa. Kikiwa sekunde za tao 4.6 kwa pikseli, lenzi yako kwa kweli ni ya milimita 193, na hiyo ndiyo ya kuandika kwenye NINA. Lenzi za kuvuta hudanganya sana hapa.

Ikigoma, anza na fokasi ya lenzi: nyota zilizovimba hazisomeki. Kisha angalia kama nyota zimechora mistari, kama ulikata picha baada ya kuipiga, au kama kuna wingu jembamba lililobakiza nyota chache. Sekunde 3 hadi 5 kwa ISO 1600 zinatosha kwa stendi yenye mota. Mafaili ghafi ya kamera hayana kumbukumbu ya ulikolenga, kwa hiyo andika mahali pa kuanzia au panua eneo la kutafuta hadi nyuzi 180.

Kwenye NINA, latitudo iandikwe -8.9 kwa Mbeya. Ukisahau alama ya kutoa, kompyuta itadhani uko kaskazini mwa ikweta na stendi itapelekwa mahali pasipo sahihi. Saa ya kompyuta iwe UTC+3. ASTAP haijali saa, lakini stendi inajali.

Udhaifu wake ni mwonekano: vitufe vimejazana, na anayeanza atachukua muda kugundua kwamba alama ya Σ ndiyo inayofungua mipangilio yote hii. Tunaona pia kwamba asiye na stendi ya mota, anayepiga kwa tripodi ya kawaida, hana haraka ya kuisakinisha. Kwa mwenye stendi, ipakue kabla ya Mei anga halijafunguka, na uhifadhi nakala ya mafaili yote mawili kwenye flashi.