Rimu nyeupe kwa gari la kukimbiza: uzoefu wangu hapa Mwanza

Wadau, kuna anayenunua rangi ya rimu kwa ajili ya picha, na kuna anayeinunua ili rimu isimfie kwenye kona. Mimi niko kundi la pili. Mwanza hatuna uwanja wa lami wa kukimbizia magari, kwa hiyo Subaru Impreza yangu inapita Magu, Lamadi, Bunda hadi Sirari, inavuka Kenya, inapigishwa shughuli kutwa nzima, halafu inarudi kwa magurudumu yale yale. Rimu hizo nimezipaka nyeupe ili ufa ukianza niuone mapema, na nimezitumia muda wa kutosha kusema zinafaa wapi na zinakera wapi.

Zilipokuja kutoka mtumba wa Japani zilikuwa nyeusi, rangi ya unga, ile inayonyunyiziwa kavu kisha kuchomwa kwenye tanuri. Tusidanganyane, ilikuwa kali. Haichubuki ovyo kwa kokoto, ukimwaga maji tu gari linang'aa. Shida yake iko kwenye uimara huo huo. Ni koti nene, mara nyingi maikroni (elfu za milimita) 60 hadi 100, na linanyumbuka kidogo, hivyo alumini inaweza kuanza kupasuka chini huku juu kumetulia. Hata rangi nayo ikipasuka, mstari mweusi juu ya weusi utauona saa ngapi? Rafiki yangu wa Buhongwa alikuwa akijaza upepo tairi moja kila mara huku akilaumu valvu. Tairi lilipovuliwa, ufa ulikuwa upande wa ndani wa rimu, umeshatambaa.

Jambo jingine ni joto. Tanuri la rangi ya unga hufika karibu nyuzi 200 kwa dakika 10 hadi 20. Rimu nyingi za aloi zimepewa nguvu yake kiwandani kwa joto lililopimwa kwa makini, na fundi akizidisha nyuzi au akizisahau mle ndani, nguvu hiyo inapungua bila rimu kubadilika sura. Kwa tanuri lisilo na kipimo cha kuaminika, mimi simpi mtu rimu zangu.

Kazi ya nyeupe nilimpa fundi wa rangi pale Nyakato. Aliniangalia akasema, "Bosi, nyeupe itakusumbua, utaosha mpaka uchoke." Hakukosea. Lakini tulikubaliana mambo kadhaa kabla hajashika kitu. Rangi ya zamani itoke kwa dawa ya kubandulia, si kwa kupiga mchanga, maana mchanga unagongagonga uso wa alumini na unaweza kuziba mdomo wa ufa kabla hujauona. Puti ni marufuku kabisa. Mafundi wetu wanapenda puti kuliko chai, kila mkwaruzo wanataka kuuziba, na puti ikishalala juu ya ufa ndiyo imetoka hiyo. Praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, iwe nyembamba, nyeupe ya kung'aa moja kwa moja juu yake, bila klia, lile koti la juu lisilo na rangi. Na rangi isiguse vikalio vya nati wala uso unaokaa kwenye habu (kitovu ambacho rimu hufungwa), kwa sababu rangi ikibanwa pale inasagika, na nati uliyoikaza vizuri inalegea yenyewe. Hili la mwisho alilijua kuliko mimi, na karatasi zake za kuzibia zilikaa sawasawa.

Kilichoniudhi ni kwamba alipulizia jioni, nje, mwezi ukiwa mwandamo. Wanaoishi karibu na ziwa mnawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa tanuri la mkaa. Waliganda kwenye rangi mbichi, rimu mbili ikabidi zipigwe msasa na kurudiwa. Kwenye rangi nyeusi usingewaona, kwenye nyeupe kila bawa linaonekana! Alirudia bila kunidai hela, kwa hiyo simlaumu sana.

Sasa faida. Baada ya safari moja nikiwa naosha nyumbani Nyegezi, rimu ya mbele kushoto ilikuwa na kitu kama unywele kwenye shina la spoki. Kirefu kama ukucha wa kidole gumba, cha kijivu. Nikafuta, kikabaki. Nikafuta kwa petroli, kikafifia, na baada ya kuzunguka mjini kidogo kikarudi pale pale, kwa sababu vumbi jeusi la breki linajipenyeza kwenye mwanya na kuuchora. Alama ya kokoto haifanyi hivyo. Hiyo ni doa lenye ukingo uliomeguka, halitambai.

Nilibandua rangi eneo hilo nikatumia dawa ya kukagulia nyufa. Ni makopo matatu: la kusafishia, la rangi nyekundu inayopenya, na la unga mweupe unaoivuta nje. Mjini hapa haisumbui kupatikana, maana wauzaji wa vifaa vya migodini wapo. Unapulizia nyekundu, unasubiri dakika kama 10, unafuta kwa kitambaa (usiimwagie dawa ya kusafishia, utaiosha mpaka ndani ya ufa), kisha unapulizia nyeupe. Mstari mwekundu ukatokea taratibu, mrefu kuliko ule niliouona kwa macho.

Bei ilikuwa nafuu kuliko rangi ya unga, na kurekebisha sehemu ndogo ni rahisi. Usafi ndio kero: pedi za breki za mbio zinatoa vumbi kali, ukiliacha likae linang'ang'ania na nyeupe inageuka ya chai. Paka na upande wa ndani wa rimu pia, pale ndipo mashimo ya barabarani yanapopiga, na vua magurudumu uangalie kwa tochi kabla ya kila safari. Kwa gari la mjini tu sioni haja, baki na rangi uipendayo. Kwa gari la kukimbiza naipa nyota nne. Ya tano wamekula wadudu.

Ile rimu iliyopasuka niliambiwa inachomeleka. Niliikata vipande viwili kwa grenda kabla ya kuiuza chuma chakavu, isije ikarudi sokoni imepakwa nyeusi.