Nguzo na mbao za banda ukanda wa pwani: zipi ununue, zipi uache

Iwe Tanga, Pangani, Unguja au Kilifi, banda la mbao huanza kuharibika mahali pale pale: kwenye nguzo, pale inapoingia ardhini. Ukichimba chini zaidi hewa ni haba, kuvu haistawi. Juu zaidi upepo hukausha mti. Hapo katikati maji na hewa vinakutana, na mchwa nao hupitia hapo hapo kupanda darini. Kwa hiyo anayenunua miti ya banda la mbuzi, ghala au kibanda cha kulala ananunua vitu viwili tofauti: nguzo zinazogusa udongo, na mbao zisizogusa. Pesa nyingi ziende kwenye nguzo. Huko juu unaweza kubana matumizi.

Mti huoza ukikaa muda mrefu na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi. Mbao kavu iliyokingwa na mvua, hata kwenye hewa nzito ya pwani, hubaki chini ya kiwango hicho na haiozi. Mchwa ni habari nyingine, maana wao hula hata mti mkavu.

1. Nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kwa presha

Kwa nguzo ya kuchimbia, hizi ndizo za kwanza. Ni zile zile jamii ya nguzo za umeme, zenye rangi ya kijani, zilizosukumiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki ndani ya tangi la presha. Kwa banda la kawaida chukua zenye unene wa sentimita 10 hadi 12 upande mwembamba.

Tatizo ni nguzo zilizochovywa au kupakwa tu, kisha zikauzwa kwa bei ya zile za presha. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Hata ncha isikudanganye, kwa sababu dawa huingia kwa urahisi kupitia ncha na itaonekana ya kijani hata kama katikati ni mti mtupu. Mwombe muuzaji akate nguzo moja katikati, au utoboe kwa keekee ya milimita 10 usawa wa katikati na kutazama unga unaotoka. Unga wa kijani unatakiwa kutoka kwa sentimita 2 au zaidi kabla ya kugeuka wa kahawia. Kiini cha mkaratusi hakinywi dawa. Kinacholindwa ni lile tabaka jeupe la nje, nalo lazima liwe limelowa lote. Ukimaliza, ziba tundu kwa kigingi kilichotiwa dawa.

Kataa nguzo yenye ufa mpana ambao ndani yake mti ni mweupe au wa kahawia. Hiyo ilitiwa dawa ikiwa mbichi, ikapasuka baadaye, na mchwa wataingia kwa mlango huo. Na fundi asichonge wala kukata upande unaoingia ardhini, hata kwa sentimita moja. Urefu ukizidi, kata juu, paka dawa mahali pa mkato, funika na kipande cha bati.

2. Kiini cha mtiki au mvule

Kwa uimara wa asili hakuna ubishi, na mtiki haupatikani mbali: shamba la serikali la Longuza liko Muheza, na kuna mengine Mtibwa, Morogoro. Lakini tunasisitiza neno kiini. Miti midogo inayopunguzwa shambani huuzwa kama nguzo za mtiki kwa bei ya kuvutia, na nyingi kati yake ni tabaka jeupe lililozunguka kiini chembamba. Tabaka hilo mchwa hulila kama mti mwingine wowote. Tazama ncha: sehemu ya kahawia yenye rangi ya asali ndiyo unayoilipia. Ikiwa haifiki robo tatu ya upana, nguzo hiyo si ya kuchimbia.

Mvule ni hivyo hivyo, ila bei yake inaufanya ufae zaidi milango na fremu kuliko nguzo za banda. Iwe mtiki au mvule, dai risiti, alama ya nyundo inayogongwa na maofisa misitu, na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mzigo usio na karatasi unaweza kukamatwa kwenye kizuizi cha barabarani ukiwa tayari umeulipia.

3. Msonobari uliotiwa dawa

Huu ni wa juu ya ardhi: kenchi, papi, fremu za ukuta, mbao za kupigilia. Unatoka zaidi Sao Hill, Mufindi. Mti wake ni laini na hunywa dawa vizuri kuliko mkaratusi, kwa hiyo mbao ya 2 kwa 4 iliyotibiwa sawasawa huwa na rangi mpaka ndani. Kata kipande uone. Baada ya kutiwa dawa ikae wiki mbili hivi kabla ya kujengea, ili dawa ishikamane na mti isioshwe na mvua ya kwanza. Dawa yenyewe ina aseniki, ambayo ni sumu: vumbi la mbao hizi usilivute, na mabaki usiyachome jikoni.

Kwa sababu hiyo hiyo ya aseniki, mbao za dawa zisitumike kwenye sakafu ya mbuzi wala kihori cha chakula. Wanyama hulamba na kutafuna.

4. Mikoko

Boriti, mapau na fito za mikoko ni ngumu na nzito, na zikikaa kavu chini ya paa hudumu vizazi. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio uliopanga upana wake. Tunaiweka ya nne kwa sababu mbili. Ikichimbiwa kwenye udongo wenye maji haishindani na nguzo ya dawa, na ukataji wake unahitaji kibali. Mikoko ndiyo inayoshikilia ufukwe na mazalia ya samaki. Nunua yenye kibali tu, na uitumie darini.

5. Mnazi

Mbao ya mnazi mzee, ile ya sehemu ya nje na ya chini ya shina, ni nzito na ngumu. Inafaa sana kwa sakafu ya mbuzi. Ya katikati ya shina ni laini na nyepesi, hunyonya maji na kubonyea. Ukiinua mbao mbili za ukubwa mmoja utajua papo hapo ipi ni ipi. Msumeno utahitaji kunolewa mara kwa mara. Mnazi usichimbiwe.

6. Mvinje na mkaratusi usio na dawa

Ni rahisi, imenyooka, inapatikana kila mahali. Itumie kwa paa la makuti na jukwaa la fundi. Ardhini usitarajie ipite misimu michache. Oili chafu haisaidii sana, kwa kuwa inabaki juu ya ngozi ya mti. Ufa wa kwanza ukitokea, kinga imekwisha.

Hesabu ya banda la mbuzi la mita 4 kwa 6

Ukipanga nguzo kila baada ya mita 2 utahitaji 12: mistari mitatu ya nguzo nne. Za pembeni mita 3.5, nne za katikati mita 4.5. Mashimo ya sentimita 75, kokoto sentimita 15 chini ili maji yapite, kisha udongo ushindiliwe kwa tabaka. Usizungushie zege mpaka chini kama kikombe. Litashika maji, nayo yataozesha nguzo. Ukitaka zege, juu yake liinamie nje. Kama huna bajeti ya nguzo za mkaratusi za presha, jenga vigingi vya zege vinavyopanda sentimita 45 juu ya ardhi, weka kiatu cha chuma, funga nguzo kwa bolti. Hapo hata msonobari wa dawa unatosha.

Sakafu ya vipande vya sentimita 5 vyenye nafasi ya sentimita 1.5 itataka mistari 62, yaani mita 372 za mnazi au mtiki. Ongeza kidogo kwa ajili ya mikato.

Paa lizidi ukuta kwa sentimita 60 hadi 90. Kuta ziwe za mbao zilizosimama wima. Magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine yanapendeza, lakini kila kiungo kinakuwa kijito cha maji, na mvua za masika ni nyingi mno kwa ujenzi huo.

Misumari na bolti ziwe zilizochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa moto. Chuma kitupu huliwa na chumvi ya hewa, na shaba iliyomo kwenye mbao za dawa huharakisha kutu. Kwa banda lililo karibu kabisa na bahari, bolti za nguzo ziwe za chuma cha pua.