Uzoefu wangu wa kubadilisha ekilina na njia ya hewa kwenye baiskeli ya injini

Jioni moja mwezi wa nane nilifungua ekilina, yaani chujio la hewa, ya baiskeli yangu ya injini, nikapitisha kidole ndani ya mdomo wa kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Kilitoka na vumbi jekundu, laini kama ugoro, limeshikana na oili. Vumbi lilikuwa upande wa ndani, yaani lilishavuka chujio na lilikuwa njiani kuingia kwenye injini. Injini yenyewe ilikuwa na miezi mitano tu.

Naishi Dodoma. Nafuga kuku, na kila asubuhi napeleka trei za mayai madukani Ihumwa, kilomita 11 kwenda, na saba kati ya hizo ni barabara ya vumbi inayopitwa na malori ya kokoto. Kiangazi lori likikupita huoni gurudumu lako la mbele. Injini ni hizi za Kichina za kufunga kwenye baiskeli ya kawaida, zinazouzwa kwa jina la cc 80. Ukipiga hesabu ya silinda ya milimita 47 na mwendo wa pistoni wa milimita 38 unapata cc 66 hivi. Inatumia petroli iliyochanganywa na oili, na hapo ndipo vumbi linapoumiza zaidi. Kwenye bodaboda hewa inaingia moja kwa moja juu, kwenye silinda. Kwenye hizi zetu inashuka kwanza kwenye kasha la krenki, kile chumba cha chini chenye mhimili unaozungushwa na pistoni, inapita juu ya beringi zote, ndipo inapanda kwenda kuungua. Mchanga ukipita chujio unasaga kila kitu kuanzia chini.

Ekilina iliyokuja nayo ni kiboksi cheusi cha plastiki, ndani kuna wavu wa waya na kipande cha sponji chembamba kuliko cha kuoshea vyombo. Yangu ilikuwa haifiki hata kwenye kingo za kiboksi. Hewa ilikuwa inapita pembeni tu.

Kwanza nilinunua ya koni, ya karatasi, shilingi 12,000. Muuzaji alinihakikishia inaingia kwenye injini yoyote. Haikuingia, kwa sababu kabureta ya injini hii inatazama nyuma, kwenye nguzo ya kiti, na nafasi iliyopo ni ndogo. Koni ndefu inagonga nguzo. Niliifunga kwa kuipindisha, nikatembea nayo siku nne. Nilipoifungua karatasi ilikuwa imelegea na kulowa kama gazeti lililofungiwa maandazi. Sababu niliielewa baadaye: kwenye tundu la kuingizia hewa la injini hizi hakuna vali. Pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga, kwa hiyo ukienda polepole mafuta kidogo yanarudi nyuma na kutemwa kwenye ekilina. Karatasi haivumilii hilo. Kama una injini ya aina hii, usipoteze pesa yako kwenye ekilina ya karatasi.

Ya pili ndiyo ninayoitumia mpaka leo: sponji ya tabaka mbili, fupi, ya duara, yenye shingo ya mpira, 18,000. Shingo ilikuwa pana kuliko mdomo wa kabureta, nikaenda kwa fundi wa kuchonga vyuma akanitolea kipete cha aluminiamu kwa 10,000. Kipete kinakaa kwa skrubu zile zile mbili za kiboksi cha zamani. Nikapaka oili, nikafunga, nikaondoka na mayai yangu nimefurahi.

Furaha haikufika wiki. Nikiachia aksileta, injini inaendelea kulia juu kwa sekunde mbili tatu kabla ya kushuka. Plagi nikaifungua, nyeupe kama chokaa. Plagi nyeupe maana yake hewa ni nyingi kuliko mafuta, injini inachemka, na injini ya oili na petroli ikichemka namna hiyo inanoki, yaani pistoni inakwama ndani ya silinda. Fundi niliyempelekea aliitazama akasema, “Kaka, umefungua pumzi, sasa ongeza chakula. Weka jeti kubwa.” Jeti ni kile kitundu ndani ya kabureta kinachopima petroli ya kupita. Iliyokuwemo imeandikwa 70, akaniwekea 75.

Ushauri wake ulikuwa na mantiki, ila kwa injini yangu haukuwa jibu. Nikifungua aksileta yote ilikuwa inakoroma na kumisi, moshi mwingi, kilima cha kawaida hakipandiki. Na nikiiachia, ule mlio wa juu uko pale pale. Hapo ndipo nikajiuliza: kama tatizo ni jeti, kwa nini inakosa mafuta ikiwa imesimama na inazidiwa ikiwa inakimbia?

Nikanunua kopo la dawa ya kusafishia kabureta. Injini ikiwa inaunguruma, bado haijapata moto, nikapuliza kidogo sana kwenye kiungo cha silinda na manifoldi, lile bomba fupi linaloshika kabureta. Mlio ukabadilika pale pale. Nikapuliza kabureta inapovaa kwenye bomba la manifoldi, ukabadilika tena. Hewa ilikuwa inaingilia sehemu mbili bila kupita ekilina wala kabureta. (Dawa hiyo inawaka. Fanya nje, ekzosi ikiwa baridi.)

Kazi niliyoifanya baada ya hapo imenigharimu pesa kidogo kuliko zote na ndiyo iliyoleta tofauti. Nilifungua manifoldi nikaiweka juu ya kioo. Ilikuwa inacheza kama stuli yenye mguu mfupi. Nikagundisha msasa namba 400 kwenye kioo, nikaisugua kwa mzunguko wa umbo la namba nane mpaka uso wote ukang’aa sawasawa, kama dakika arobaini. Gasketi ya kiwandani ilikuwa na tundu dogo kuliko la silinda, ukingo wa milimita mbili unaziba njia kila upande. Nikakata nyingine kwa karatasi ya gasketi, tundu likalingana. Mdomo wa manifoldi nikaupanua kidogo kwa tupa ya mviringo ili ufuate tundu la silinda. Silinda yenyewe sikuigusa, na nakuomba na wewe usiiguse: ukipanua tundu lile unabadilisha muda wa pistoni kufungua na kufunga. Kwenye bomba, kabla ya kuvalisha kabureta, nikaweka pete ya mpira ili klampu ikikaza ufa wake uzibwe.

Nikarudisha jeti ya 70. Mlio ukashuka mara moja nilipoachia mkono. Baada ya siku tatu plagi ilikuwa rangi ya kahawa ya maziwa.

Kasi haikupanda sana, nisikudanganye. Simu ilikuwa inasoma kilomita 38 kwa saa tambarare, sasa 41. Kilichobadilika ni kilima cha kabla ya kufika dukani. Zamani nilikuwa nakanyaga pedeli nikiwa na trei sita, sasa nakipanda bila kukanyaga. Mafuta ni yale yale. Na kidole nikikipitisha kwenye mdomo wa kabureta kinatoka na oili safi tu.

Ubaya upo. Sauti ya kuvuta hewa imekuwa kubwa, mke wangu ananisikia kabla sijafika getini. Mvua pia ni shida, maana sponji iko wazi. Nimekata kopo la plastiki la lita tano likawa kama kofia juu yake, nikaacha nafasi chini ya kuvutia hewa. Nikipewa nyota tano nigawe, ekilina naipa nne.

Aliyeko Dar asichukue namba ya jeti yangu kama ilivyo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo 70 inayonitosha mimi huenda ikawa ndogo kwako pwani. Soma plagi yako.

Usafi kiangazi ni kila Jumapili. Nafua sponji kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, naikamua bila kuipotosha, naianika kivulini. Petroli siitumii kwa sababu inalegeza gundi ya tabaka. Ikikauka naitia oili ya injini vijiko viwili, naiminya mpaka rangi ienee, inate mkononi bila kudondosha. Sponji ya akiba ni 6,000. Yangu inakaa kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti, imeshapakwa oili, kwa siku ambayo lori la kokoto litanimwagia vumbi lote nikiwa katikati ya njia.