Seti ya soketi ya shilingi 150,000 za Uganda: racheti ilikufa kwenye nati ya nne

Rangi ya boksi na idadi ya vipande mtasoma wenyewe kwenye kifuniko. Mimi nina neno kuhusu racheti tu, ule mpini wenye meno ndani unaozungusha soketi. Na yule muuzaji.

Niliinunua kabla ya Pasaka, duka moja la vioo na feni mjini Kampala. Siku chache baadaye ikaja teksi ya Hiace (Wakenya wanaita matatu), kamani za nyuma zimelala. Dereva kanisimamia kichwani, anahesabu abiria anaowakosa. Nati ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu ikalia kidogo. Ya nne, kra! Racheti ikazunguka bure kama pedali iliyokatika mnyororo, ngumi yangu ikagonga chasisi. Ngozi ya vidole vitatu ilibaki pale. Kuifungua, meno ya ndani yamesagika kama karanga.

Nikarudi na boksi zima. Muuzaji hakuligusa. "Ssebo, uliweka paipu." Yaani, bwana, uliurefusha mpini kwa bomba. Nikamwambia anisikilize kwanza. "Uliweka paipu. Nyie mafundi wa Ndeeba mnaweka paipu." Akaendelea kutafuna rolex yake (chapati iliyoviringishiwa mayai), ananitazama kama nimekuja kuomba nauli. Mbele ya wateja! Mimi niliyeshika spana kabla ya kuota ndevu!

Haya, niliweka paipu. Fupi. Na hata kijana ninayemfundisha anajua: nati ya kutu unailegeza kwa mpini mrefu usio na meno, racheti inakuja baadaye kuzungusha tu. Lakini mpini huo haumo kwenye seti yao! Halafu soketi zote zina pembe kumi na mbili, zikikutana na nati iliyokwisha kulika zinateleza na kuifanya duara. Pembe sita ndizo zinazoshika. Hapo kosa ni langu, sikuchungulia ndani.

Sasa nanunua kwa mzee mmoja wa Katwe anayetandaza vyuma vya mtumba juu ya gunia. Ringi spana mbili za Gedore (chapa ya Kijerumani), namba 17 na 19, shilingi 12,000 kila moja, zimejaa kutu. Zimelala usiku mmoja kwenye dizeli, asubuhi safi. Racheti aliizungusha sikioni kwangu: "Sikiliza, mwanangu. Isiruke hata jino." 35,000, na mpaka leo haijaruka. Hakuna risiti. Safari moja aliniuzia spana iliyochomelewa katikati ikapakwa rangi. Nilipoirudisha alicheka, akanipa nyingine, akaniagizia chai.

Ile seti ni sifuri. Ingawa soketi zake ndogo, namba 8 hadi 12, kijana wangu anafungulia bodaboda kila siku na hazijamsumbua, kwa hiyo sifuri labda ni hasira. Mbili kwa tano. Yule bwana angevitazama vidole vyangu akasema hata pole, ningempa tatu.