Uzoefu wangu: kozi ya kiangazi ya kuimba muziki wa Renesansi

Nina miaka 19, naimba alto (sauti ya chini ya wanawake), nimekulia kwaya ya parokia Moshi kabla sijahamia huku Uingereza kwa mama mdogo. Kiangazi hiki nimeenda kozi ya siku nane ya vijana, mnalala kwenye bweni la shule iliyofunga, mnaimba asubuhi mpaka usiku nyimbo za miaka ya 1500 tu, za watunzi akina Byrd, Tallis, Palestrina, Victoria. Hakuna kinanda, hakuna maiki. Naandika maana kabla ya kwenda nilitafuta sana mtu wa kwetu aliyewahi kupita huko nimuulize, nikakosa.

Kilichokuwa kinanitisha ni stafu, yaani nota zilizoandikwa kwenye mistari mitano. Mi nimelelewa na solfa, ile mwalimu anaandika ubaoni d r m f na kila sauti inashika mstari wake, stafu nasoma ila polepole. Sasa siku ya pili mwalimu akasema leo tunajifunza kama watoto wa kwaya wa zama zile, akanyoosha kiganja cha kushoto akawa anagusa viungo vya vidole, kila kiungo na nota yake, ut re mi fa sol la. Jamani, ni solfa! Ziko sita tu, ti haipo, ukitaka kupanda zaidi unahamia sita nyingine, kama sisi tunavyohamisha doh katikati ya wimbo. Majina yenyewe yanatoka kwenye utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, alioutumia Guido wa Arezzo, mmonaki wa karne ya 11, kufundishia. Wenzangu waliosoma piano tangu wadogo walihangaika kweli siku hiyo, mi mdomo ulikuwa unaenda wenyewe.

Na Kilatini pia. a e i o u za Kilatini cha kanisani karibu ni zetu hizi hizi, Waingereza "e" yao inateleza inakuwa "ei" wanasimamishwa kila mara, mi sikusimamishwa hata mara moja.

Lakini kitu chenyewe cha kulipia ada ni vile vitabu vya sauti moja moja. Zamani hawakuimba wakiwa na karatasi yenye sauti zote nne, alto ana kitabu cha alto tu, na hamna mistari ya kugawa vipimo, kwahiyo ukipotea huna pa kuchungulia, lazima usikilize. Tulikaa wanne wanne tukigusana bega kufuata pigo, taratibu kama mapigo ya moyo. Siku mbili za kwanza tulikuwa tunaanguka hovyo, siku ya nne nikaanza kuisikia sauti ya tenor (ya juu ya wanaume) inakuja kabla haijafika, yaani sijawahi kusikia hivyo miaka yote ya kwaya.

Tulimalizia na Misa ya Sauti Nne ya William Byrd. Alikuwa Mkatoliki wakati ibada ya Kikatoliki imepigwa marufuku Uingereza, hii misa ilichapishwa miaka ya 1590 bila ukurasa wa jina wala jina la mchapaji, watu wakiimba majumbani kwa siri. Agnus Dei, yaani Mwanakondoo wa Mungu, inaanza sauti mbili, halafu tatu, halafu zote nne, na pale dona nobis pacem (utujalie amani) kila sauti inang'ang'ania nota yake mpaka inagongana na jirani ndo inashuka. Nimeimba hayo maneno kila Jumapili tangu mdogo, ila kuyaimba ukijua waliyaimba milango imefungwa, nilishindwa kumaliza mstari wa mwisho.

Sasa lawama. Ratiba inabana mno, saa sita hivi za kuimba kwa siku, siku ya tano sauti ilikuwa imekauka na hakuna aliyetuambia tupumzike mpaka soprano wawili walipokosa sauti kabisa. Hilo ni kosa, hawa ni vijana, wengine wana miaka 16. Na nota walitutumia siku tatu tu kabla, haitoshi kwa anayetokea solfa.

Ukitaka kwenda omba msaada wa ada mapema, mi nilipata nusu kwa kuandika barua tu na kurekodi wimbo mmoja kwa simu. Beba sweta, bwenini baridi hata Julai, na chupa kubwa ya maji.