Takadimi kwenye ulimi wa Mswahili: inafaa, ila chunga mkazo

Kwaya au bendi inayojikwaa kila inapokutana na semikweva (nota ambayo kwa kawaida ni robo ya pigo) haihitaji kununua kitu. Takadimi, mfumo wa kusoma midundo kwa kutamka silabi, haina leseni wala kifaa maalumu. Inataka mdomo, viganja, mguu mmoja na metronomu (kipima mapigo), hata ile ya bure ya kwenye simu. Mfumo huu ulichapishwa mwaka 1996 na walimu watatu wa nadharia ya muziki nchini Marekani: Richard Hoffman, William Pelto na John W. White. Silabi zimetoka kwa wapiga ngoma wa kusini mwa India, lakini sheria ya kuzitumia ni ya hao watatu, na sheria hiyo ndiyo tunayoipima hapa. Tunaipa 8 kati ya 10.

Sheria yenyewe ni fupi. Silabi inataja mahali sauti inapoangukia ndani ya pigo. Urefu wa nota hauihusu. Mwanzo wa pigo ni ta, siku zote. Nusu ya pigo ni di. Pigo likikatwa nne unapata ta-ka-di-mi, likikatwa tatu ta-ki-da, likikatwa sita ta-va-ki-di-da-ma. Penye pumziko, silabi inanyamaza. Nota ikiungwa na iliyotangulia, irabu inavutwa tu bila kugonga konsonanti mpya. Kwa hiyo kweva (kwa kawaida nusu ya pigo) yenye nukta, yaani iliyorefushwa kwa nusu yake, ikifuatwa na semikweva ni ta…mi. Semikweva, kweva, semikweva ni ta-kaa-mi. Na kwa kuwa umbo la nota halina neno hapa, vipimo vya 2/4 na 2/2 vinasomwa kwa silabi zilezile.

Sasa tatizo ambalo waliouunda hawakuwa na sababu ya kuliwaza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mpe Mswahili neno takadimi bila maelezo, atasema takaDImi. Ta-ki-da itamtoka taKIda. Mkazo umeliacha pigo na kuhamia katikati yake. Baada ya mizunguko minne mitano utaona miguu ya darasa inashuka kwenye di, kila mtu akiamini ndiyo ta. Kosa hili hujificha vizuri kwa sababu mwendo haujaongezeka wala kupungua. Dalili ni makofi yanayoanguka katikati ya milio miwili ya metronomu.

Dawa ya kawaida: metronomu kwenye 60 (mapigo kwa dakika), mguu sakafuni kwa kila mlio. Sema ta peke yake mara nane kwa sauti kamili. Kisha ongeza ka-di-mi kwa kunong'ona, koo lifanye kazi kwenye ta tu. Mizunguko 16 ikipita salama, pandisha mnong'ono taratibu hadi sauti zilingane.

Iko njia nyingine, na kwa wazungumzaji wa Kiswahili tunaiona bora. Usianze neno kwenye ta. Anza kwenye di, mguu ukibaki kwenye ta: dimitaka, dimitaka, dimitaka. Mkazo wetu wa asili sasa unatua penyewe kwenye ta. Kwa migawo ya tatu anza kwenye da: dataki, dataki. Ni kama hataki iliyokosewa herufi, na kwa watoto hilo ni faida. Ulimi ukishazoea, rudi kwenye ta-ka-di-mi; uzito utakuwa umeshajua kwao. Ta-di haihitaji ujanja wowote, mkazo wake uko sawa tangu mwanzo.

Ukiondoa mkazo, mfumo unatukaa kuliko unavyowakaa wenyewe. Silabi zote ni konsonanti moja na irabu moja, kama maneno yetu. Linganisha na hesabu ya Kiingereza, one-e-and-a: ile and inaishia kwa konsonanti mbili, midomo mingi inaongeza irabu, na nafasi nne zinajikuta zimebeba silabi tano. Kuhesabu kwa Kiswahili kunafika mbali kidogo. Moja, mbili, tatu, nne zote zina silabi mbili (hata nne, kwa kuwa n ya kwanza inasimama peke yake), hivyo kweva unazipata bure: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Ukifika kwenye semikweva, maneno yamekwisha. Silabi za Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Hungaria, ta na ti-ti, zinataja urefu. Kwenye 6/8 zinakuachia ti-ti-ti, ti-ti-ti, na mwanzo wa pigo haujulikani ni ti ipi.

Wanaofaidika haraka zaidi ni wanakwaya wa solfa, wanaoimba kwa herufi d r m badala ya nota. John Curwen, Mwingereza aliyeieneza solfa katika karne ya 19, alikuwa na majina ya mapigo aliyoyachukua kwa Wafaransa: taa, taa-tai, ta-fa-te-fe. Mwanakwaya wa leo anayejua d r m fika huenda hajawahi kuyasikia. Takadimi inakaa juu ya karatasi yake bila kubadilisha alama. Kinachofuata nukta mbili (:) au mstari wa bari ni ta. Kinachofuata nukta ni di. Mkato ulio kabla ya nukta ni ka, ulio baada yake ni mi. Ukiona d.,r hiyo ni ta…mi, yaani ule mruko ambao kwaya nyingi huulainisha mpaka unageuka kuwa mgawo wa tatu. Ukitaka kuujaribu, imbisha ta-ka-di-mi nzima, kisha ka na di zinong'onwe, kisha zisemwe moyoni. Mi ikiwahi, rudi hatua moja.

Sehemu inayofanya mfumo huu ustahili muda wako ni tatu dhidi ya mbili, mvutano unaoufahamu kila aliyepiga ngoma za 6/8 kama chakacha. Mkono wa kulia unapiga ta-ki-da, wa kushoto ta-di. Ukiunganisha mikono unapata ta-ki-di-da. Hesabu nafasi kwa sita: ta hadi ki ni mbili, ki hadi di moja, di hadi da moja, da hadi ta inayofuata mbili. Ndefu, fupi, fupi, ndefu. Wanaoanza hukosea kwa kuzifanya zote nne zilingane, na hapo kila mkono unakuwa umeharibika peke yake. Weka metronomu kwenye 40, sema ta-va-ki-di-da-ma yote, piga kwenye ta, ki, di na da tu. Va na ma zimezwe mwishoni kabisa, zikiwa ndizo zinazoshikilia nafasi.

Pungufu zake. Kwenye 60 unasema silabi nne kwa sekunde. Kwenye 120 ni nane, na ulimi wa mtu wa kawaida hukwama kabla ya hapo, mara nyingi kwenye di-mi. Mwendo ukizidi 100, sema ta-di tu na uache vidole vijaze. Wapiga tarumbeta wana nafuu, maana ta-ka ndiyo hiyohiyo wanayoitumia ulimi unapogonga maradufu.

Alama mbili tulizokata ni za migawo ya tano na saba. Kwa tano unapewa ta-ka-di-mi-ti, na hapo di haiko tena katikati ya pigo. Ahadi kuu imevunjwa. Vipimo vya 5/8 na 7/8 havina shida hiyo, kwani vinagawika kwa ta-di na ta-ki-da: 7/8 ya mbili-mbili-tatu ni ta-di-ta-di-ta-ki-da. Lakini anayetaka tano ndani ya pigo moja aende kwenye konakoli yenyewe, sanaa ya kusini mwa India ya kutamka midundo ya ngoma, aseme ta-di-gi-na-tom, wala asichanganye daftari: huko tatu ni ta-ki-ta, na ta ile ya pili haianzi pigo jipya.