Gofu ya mtandaoni: vifaa vya kufungua kwa levo au vifaa sawa kwa wote?

Katika WGT Golf, fimbo na mipira bora hufunguka kadiri levo inavyopanda, ilhali daraja hupimwa kwa wastani wa mapigo. Ugomvi uko hapo: wachezaji wa daraja moja hukutana, mmoja ana draiva (fimbo ya pigo la kwanza la mbali) inayofika mbali zaidi, na pigo lake la pili huwa fupi, rahisi kukaribia shimo. Mfuko nao huumia, maana mipira mizuri hununuliwa, na huisha.

Golf With Your Friends humpa kila mtu mpira wenye uwezo uleule. Kofia unayouvika mpira ni pambo tu. Haki ipo, ila anayependa kukusanya fimbo atachoka mapema.

Mechi ya marafiki wikendi? Vifaa sawa. Unacheza kila siku? Levo zina utamu wake, lakini kagua levo ya mpinzani kabla ya kukubali mechi.